Mlenda Ambao Mama Hakuuonja

Ukihamia mji mpya, nyumba unatafutiwa na dalali na shule ya watoto unaulizia kazini. Chakula hakuna wa kukutafutia. Unatembea mwenyewe mpaka ujue nani ana unga mzuri, bucha gani mizani yake haina maneno, kitumbua cha nani kimeiva mpaka ndani. Nilipohamia Dodoma kazi hiyo niliifanya kwa bidii iliyowashangaza wenzangu. Jumamosi nzima naimalizia sokoni Majengo, ya pili yake nipo mnadani Msalato kwenye nyama choma, nyingine nimekwenda Chako ni Chako kula kuku kwa sababu kila mtu alinitajia. Wenzangu walidhani napenda kula. Mimi nilikuwa natafuta watu niliowaacha.

Tulikuja wengi kwa wimbi moja. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na kwa miaka mingi uamuzi huo tukausoma shuleni kama historia tu, hadi Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii Serikali inahama kweli. Septemba Waziri Mkuu akatangulia, wizara zikafuata moja baada ya nyingine, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Yameandikwa mengi kuhusu majengo ya Mji wa Serikali kule Mtumba. Sijaona aliyeandika kuhusu mama lishe wa Posta, kule Dar es Salaam tulikotoka.

Wa kwetu alipikia uchochoroni, nyuma ya ofisi. Wali maharage kila siku, Ijumaa samaki wa Feri. Alijua nani ameambiwa na daktari apunguze chumvi, nani hali pilipili, nani mfukoni hana kitu tangu tarehe kumi na tano, na huyo alimpakulia kama mwingine akaandika kwenye daftari. Sisi watumishi tulikuwa kwenye orodha ya uhamisho, na cheo cha kila mmoja. Yeye hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, ingawa riziki yake ilikuwa inapakiwa kwenye malori yaleyale yaliyobeba mafaili yetu. Siku ya mwisho nilimlipa deni langu lote. Alihesabu, akanirudishia chenji, akapiga mstari juu ya jina langu. Miezi yote nilikuwa nimebakisha kitu kidogo cha kulipa kesho, na sasa kesho haikuwepo. Mpaka leo nauhesabu mstari ule kuwa ndio kuagana kwetu, kuliko ile hafla yenye keki waliyotufanyia ukumbini.

Dodoma hakuna aliyenikopesha, na sikumlaumu mtu. Mgeni hakopeshwi. Lakini kulipa taslimu kila mara, kwa kila fungu la mchicha, kulinikumbusha kila mara kwamba hapa sijulikani.

Mama alikuwa Tanga, na kila duka nililoligundua nilimpelekea habari zake kwa simu jioni. Hatukuwa na desturi ya kuulizana moja kwa moja kama moyo umetulia. Aliuliza, "Leo mmekula nini, mwanangu?" na kwa jibu langu alijua. Nikimwambia chai na mkate siku mbili mfululizo, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuuliza habari za kazini. Nilimweleza kwamba maji ya huku yana chumvi na chai haitoki kama ya kwetu. Nilimweleza samaki: sato na perege wa Mtera wabichi kabisa, sangara wa Ziwa Victoria, na wa bahari wamekuja na barafu, macho yameshadidimia. "Wa bahari waache," aliniambia. "Kula wa Mtera. Samaki wa karibu ndiye samaki." Maneno hayo yalinishangaza, maana ni yeye aliyenilea kuamini kwamba nje ya changu na tasi hakuna samaki.

Nazi hakuiachia. Nazi ya Dodoma imesafiri mno, na nyingine ukiivunja inakutolea harufu ya uchachu kabla hujaiona. Alinifundisha upya kwa simu mambo ambayo nyumbani alikuwa akinifanyia. Niitikise karibu na sikio. Isipolia maji niiweke chini. Nitazame macho yake matatu, nipitishe kidole, na nikikuta unyevu au ukungu niiache hata muuzaji aape. Niipime mkononi, kwa kuwa nazi nzuri ni nzito kuliko unavyoitarajia. Nilisimama katikati ya soko, simu begani, nazi mkononi, nikiitikisa karibu na simu ili naye aisikie. "Hiyo," alisema. Muuzaji akaivunja, akaipitisha kwenye mashine, nikarudi nyumbani na nazi iliyokunwa, ikatoa kasimile nyeupe, nzito, ya mchuzi wa siku mbili.

Mwaka uliofuata Mama alifariki. Nilipanda basi alfajiri, tukapita Gairo, Morogoro, Chalinze, Segera, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Hayo sina la kuyaongeza. Nilikaa mpaka hitima, nikala pilau ya watu wengi, nikarudi kazini.

Watu wema waliniambia nitazoea. Ni neno la kumpa mfiwa na la kumpa mgeni, na mimi nilipewa kwa yote mawili, mara nyingine na mtu mmoja siku moja. Sikuwajibu, lakini kuzoea ndiko nilikokuogopa.

Miezi kadhaa baadaye nilimgundua mama mmoja nyuma ya soko, ana meza ndogo na masufuria mawili. Anauza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Kwa lafudhi tu nilijua ametoka kwetu. Nilikaa kwenye benchi, nikala. Mbaazi zilikuwa zimeiva bila kupondeka, tui limekolea limeshika kila punje, iliki kwenye hamri iko kwa mbali kama inavyotakiwa. Ilikuwa ladha yenyewe, wala siyo ya kufanana nayo. Mkono ukaenda kwenye simu. Nilikuwa nimeshafungua majina kabla sijakumbuka.

Nimeiwaza sana asubuhi ile. Muda wote niliokosa chakula cha kwetu nilijiambia kwamba nikikipata nitapoa, na kukosa kulikuwa kumenisitiri, kwa maana nililaumu soko, nikalaumu umbali na maji yenye chumvi. Nilipokipata hapakuwa na cha kulaumu. Kila kitu kilikuwepo mezani isipokuwa wa kupelekewa habari. Nilimlipa yule mama, nikamsifia kwa haki, na sikurudi kwake kwa muda mrefu.

Wakati huo vyakula vya Wagogo sikuvigusa. Ugali wa uwele niliukataa kwa heshima, mlenda niliusogeza pembeni ya sahani. Wenyeji walidhani ni maringo ya mtu wa pwani. Ukweli ni kwamba kila nilichokuwa nakipenda hadi siku ile, Mama alikijua, na mara nyingi alikuwa amekipika yeye. Nikikipenda kitu kipya, nitakuwa na sehemu ya maisha asiyoijua. Nilitaka, kama angerudi, akute ulimi wangu ni uleule.

Jirani yangu ndiye aliyelifungua hilo, naye hakujua analifungua. Alikuja jioni moja, akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," akakuta nimelala na homa na watoto wana biskuti. Akaenda kwake, akarudi na unga wa mlenda uliofungwa kwenye kitambaa, majani aliyoyaanika na kuyatwanga mwenyewe baada ya mvua. Alichemsha maji na nyanya, akatia magadi kidogo kwenye ncha ya kisu, akanyunyiza ule unga huku anakoroga, mwishoni karanga zilizosagwa. Alinionyesha jinsi ya kula: unachovya tonge, unazungusha mkono mara moja kukata uzi, ndipo unapeleka mdomoni. Mikono yangu ya pwani haikujua kuzungusha. Watoto walijua siku ileile. Nilikula nikamaliza, na nilipomaliza nililia mbele ya mgeni, kwa sababu ulikuwa mtamu.

Tangu hapo orodha imerefuka. Zabibu, ambazo huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, tunanunua zingali na vumbi la shambani. Ubuyu tunaununua mweupe, kabla haujasafiri kwenda pwani kupikwa na sukari na rangi. Mama alitununulia ubuyu mwekundu tukiwa wadogo, wa kufungwa kwenye karatasi, na ninapoona magunia yake huku najiuliza ni mabuyu mangapi kati ya tuliyomung'unya barazani Ngamiani, kule Tanga, yalitoka kwenye miti hii. Kwa yule wa mbaazi nimerudi. Jumapili huniwekea sahani hata nikichelewa, na mwezi uliopita nilipokuwa sina chenji alisema nitalipa nikija tena.

Binti yangu mdogo, ambaye Tanga anaijua kwa likizo tu, aliniuliza juzi tukiwa sokoni kama bibi alipenda mlenda. Nikamwambia hakuwahi kuuonja. Akataka kujua kama angeupenda, nami sikuweza kumdanganya kwamba najua. Nilimwambia ninachokijua: bibi angeuliza bei kwanza, angesema ni ghali, angemuuliza muuzaji majani yameanikwa juani au kivulini, angemwaga kidogo kiganjani akanusa, na angefika nyumbani akautia nazi, watu wapende wasipende. Binti yangu akafikiri, akasema basi leo tuutie nazi. Tukarudi upande wa pili wa soko, nikamwachia yeye achague, na akaanza kuzitikisa moja moja sikioni.