Simba wa Baba Yangu

Mwaka 2025 sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, tarehe 29 Juni, iliangukia siku ya Mungu. Na kesho yake ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Hapa Lubumbashi kanisa kuu letu lina majina ya Mitume hao wawili, basi siku ya Mungu nilikuwa kazini tangu asubuhi hata jioni. Usiku nikawaambia watoto wangu wawili: «Kesho ni siku yenu. Tutakwenda kwenye bustani ya wanyama, mahali baba yangu aliponipeleka zamani.»

Mke wangu alifunga bukari na samaki. Mama yangu mzee, ambaye watoto humwita Kambo, alikuja pamoja nasi. Ilikuwa majira ya baridi, nasi sote tulivaa makoti.

Njiani nilikumbuka mara yangu ya kwanza. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, nami nilikuwa na miaka sita. Nyakati zile zilikuwa mbaya. Mwaka 1991 maduka yaliporwa. Kisha kazi zikafa, mishahara ikakosa, fedha ikapoteza thamani yake siku kwa siku. Njaa ile haikuacha hata bustani: wanyama wengine walikufa kwa kukosa chakula, wengine waliliwa na watu. Siku moja ya sikukuu, nyumbani hamkuwa na kitu cha kupika. Baba akanishika mkono, tukaenda kutazama vizimba. Vilikuwa vitupu. Mbele ya kimoja baba alisimama, akasema: «Hapa alikaa simba.» Akaweka mikono kinywani, akanguruma mpaka watu wakageuka. Nilicheka sana. Sikufahamu ya kuwa yeye aliyenguruma alikuwa hajala tangu jana.

Baba amekwisha kufa. Mara hii simba alikuwako kweli, amelala juani. Kijana wangu alimngoja kwa muda mrefu, akanung'unika: «Baba, mbona hangurumi?»

Tukaenda mbele hata kwa sokwe. Tangu mwaka 2006 bustani hii ina makao ya sokwe yatima. Mwindaji humwua mama kwa ajili ya nyama, na mtoto wake humwuza; serikali ikimnyang'anya mwenye kumnunua, mtoto huletwa hapa. Niliwaeleza watoto mambo hayo, na habari ya vizimba vitupu pia. Binti yangu akauliza: «Wale wa zamani, ni nani aliyewala?»

Mimi hufundisha Amri za Mungu kila juma. Jibu lilikuwa tayari kinywani: «Ni watu wabaya.» Lakini mama alinishika mkono.

«Usiwaambie hivyo, mwanangu. Wakati ule mwanamke mmoja alipita kwetu na nyama ndani ya beseni, kwa bei rahisi. Sikumwuliza ni nyama gani. Niliogopa kuuliza. Nikapika, nawe ukala, ukaomba tena. Hata leo sijui.»

Nikanyamaza. Binti yangu alimtazama Kambo, akamtazama sokwe mdogo, kisha akashika nguo ya Kambo, wala hakuuliza tena.

Tulikula bukari yetu chini ya mti. Kabla ya kutoka, kijana wangu alitaka kurudi kwa simba. Alikuwa amelala vilevile. Basi nikaweka mikono kinywani, nikanguruma kwa nguvu zangu zote. Simba akafungua jicho moja, akalifunga. Watu wakageuka, watoto wakaanguka kwa kucheka. Mama naye alicheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake.

Wenzangu, amri ya saba ni ileile, nami ninaifundisha bado. Lakini tangu siku ile, kabla ya kumwita mtu mwizi, nauliza kwanza siku ile alikuwa amekula nini.