MCHUNGAJI, UMEHESABU?



Leo nawapa ushuhuda ambao haunipambi.

Kanisa letu hapa upande wa Msambweni lina huduma ya watoto kila Jumamosi. Tunaimba, tunaomba, kisha tunagawa uji na sabuni. Marafiki wa nje wanaotuchangia wakaniandikia: "Pasta, je, watoto wanapata afya? Tafuteni mtaalamu wa kujitolea aje awatathmini."

Niwe mkweli, niliumia. Nilijiambia, Mungu anaona, inatosha.

Lakini nikaandika barua pepe Uingereza, nikaandika Ujerumani. Miezi ikapita. Mmoja alikubali, lakini tungemlipia tiketi na hoteli ya Diani. Pesa hizo ni uji wa mwaka mzima!

Ndipo mke wangu akaniuliza, "Baba, kwani yule mama nesi mstaafu wa hapo chini ana nini?"

Nikasita. Mama yule ni Muislamu, Mdigo wa hapa hapa, na akiona kosa hanyamazi. Roho akanisuta: unatafuta mtaalamu, au unatafuta mtu wa kukusifu?

Nikaenda kumwomba. Alikubali bure, hata nauli ya boda alikataa.

Jumamosi akaja na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Akafungua daftari letu, akanyamaza kidogo. "Pasta mwanangu, hapa mmehesabu vikombe. Watoto mmewaandika wapi?"

Sikuwa na jibu.

Akapima waliokuja. Wengi walikuwa salama, watoto wa jirani na kanisa. Kisha akanipeleka kijiji cha pili, nyumba kwa nyumba. Huko tulikuta watoto 3 ambao utepe uliishia kwenye nyekundu. Siku ile ile tukawapeleka hospitali ya Msambweni. Nikamuuliza mama mmoja mbona haji Jumamosi. Akainamisha macho: "Uji wenu una masharti, Pasta. Mpaka mtoto aimbe kwanza."

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikalia.

Nesi hakunicheka. Alinikumbusha utafiti wa TUMIKIA uliofanyika hapa hapa Kwale kati ya 2015 na 2017. Wanafunzi walikuwa wakipewa dawa za minyoo shuleni, na mtu angeweza kusema kazi imekwisha. Watafiti hawakuridhika. Wakalinganisha vijiji ambavyo dawa ilitolewa kwa watoto wa shule tu na vijiji ambavyo kila mtu alipewa, nyumba kwa nyumba. Wakagundua minyoo ya safura ilipungua zaidi pale kila mtu alipofikiwa. Akaniambia, "Wasingepima, wasingejua nani ameachwa."

Soma Luka 15. Yule mchungaji alijuaje kondoo mmoja hayupo? Alihesabu! Angehesabu nyasi zilizoliwa, angelala usingizi mzuri huku mmoja anapotea porini. Soma pia Nehemia 2. Kabla ya kujenga alitoka usiku akaukagua ukuta, akaona palipobomoka kwa macho yake.

Kukaguliwa si kukosa imani, mtu wa Mungu. Anayekuonyesha palipobomoka anakusaidia kujenga.

Sasa uji tunagawia chini ya mwembe kijijini, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii. Hakuna sharti. Kila mtoto ana jina na kipimo chake daftarini. Ibada ya watoto ipo kanisani, kwa anayependa. Marafiki wa nje niliwaandikia yote, hata ya aibu. Mmoja ameacha kutuchangia. Wengine wamebaki.

Wewe je? Katika huduma yako, biashara yako, nyumba yako, unahesabu vikombe au watoto? Na ni nani umempa ruhusa akwambie ukweli?

TUOMBE: Baba, nipe moyo wa kukubali kupimwa. Nionyeshe aliyeachwa nje kwa sababu yangu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umeguswa andika AMINA, kisha mtumie mtumishi mwenzako.