Vizimba vya Miti katika Njia za Paris

Mgeni atembeaye katika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, huinua macho apate kuona majumba na makanisa. Leo twawaomba mtazame chini pamoja nasi, penye mashina ya miti iliyopandwa kandokando ya njia.

Mti wa njiani una adui wengi. Magurudumu huuchubua, wanyama huutafuna gome, na miguu ya wapitaji hushindilia udongo hata mvua isipenye. Kati ya mwaka 1853 na 1870, Haussmann alipokuwa mkuu wa wilaya ya Seine, njia pana zilifunguliwa na miti mingi sana ikapandwa. Kazi ya bustani alipewa injinia Alphand. Naye Davioud, fundi wa kuchora majengo, akachora vitu vya njiani: viti, vibanda, hata vizimba vya miti.

Ulinzi huo ni wa namna mbili. Chini hulazwa bamba la mviringo la chuma cha kusubu, lenye matundu yaliyopangwa kama miali ya jua. Watu hukanyaga juu yake, na huku maji na hewa hushuka hata mizizini. Kulizunguka shina husimama fito nyembamba za chuma zilizofungwa kwa pete, na ncha zake hukunjuka juu kama ua.

Davioud ndiye aliyebuni chemchemi kubwa ya Saint-Michel, iliyokamilika mwaka 1860. Wala hakuona kuwa ni aibu kuuchorea mche vazi lake. Kwa hiyo tajiri na maskini wapitao hapo huona kazi ya fundi stadi bila kulipa kitu. Na mwaka 2015 mji ule ulianza kuwapa wenyeji ruhusa ya kupanda maua njiani, hata chini ya miti, wayatunze wenyewe.

Lakini tuangalie jambo moja. Mti hunenepa, chuma hakinenepi. Kizimba kisipofunguliwa kwa wakati wake hung'ata gome, na mlinzi hugeuka mnyongaji.

Kwetu sisi mche huzungushiwa vijiti au matofali. Ni vema! Ila vijiti vile vikipangwa kwa ustadi, mtaa wote utapendeza, na jirani ataona haya kuufunga mbuzi wake hapo. Kisha kila mwaka mwenye mti aupime shina, na siku ukipata nguvu, auondolee kizimba.