Pikapu ya kuvuta tela: uliza breki kabla ya injini

Leo hakuna Java wala PHP. Leo ni pikapu.

Mjomba wangu hukodisha viti na mahema. Kazi nyingi ni matanga na harusi, kuanzia Awendo na Rongo hadi Homa Bay, mara nyingine mpaka Mbita. Kila Ijumaa hukodi lori, na faida karibu yote inamwishia mwenye lori. Sasa yeye na mama yangu wameunganisha akiba zao ili wanunue pikapu ya mtumba na tela. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta, nikaambiwa: "Mpwa, hebu piga hesabu."

Huko Marekani watu huvuta nyumba za magurudumu wakienda likizo. Sisi tunavuta viti 200. Fizikia ni ile ile.

Nilianza na mizani, si matangazo ya magari. Kiti cha plastiki kilo 2.5, mara 200, ni kilo 500. Mahema na vyuma vyake kilo 300. Jenereta kilo 90. Tela tupu kilo 410. Jumla: kilo 1,300.

Mjomba alitaka Toyota Hilux ya milango minne, injini ya lita 3.0. "Gari ni injini," akasema. Nguvu inayo, sikatai. Lakini fungua kitabu cha mwongozo cha Hilux au Isuzu D-Max: tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750. Letu linakaribia mara mbili ya hapo, na matela mengi yanayochomelewa jua kali hayana breki kabisa.

Waandika programu wenzangu mnajua jambo hili. Ukinunua prosesa mpya wakati kinachokwama ni diski, umetupa pesa. Hapa kinachokwama si kupanda mlima, ni kusimama. Kutoka Rongo kwenda Homa Bay unateremka kuelekea ziwani. Tena nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: ukienda kilomita 80 kwa saa unabeba mara 4 ya nishati ya kilomita 40. Na mbele yako kuna bodaboda, ng'ombe na watoto wa shule.

Basi nikapendekeza hivi:

1. D-Max ya kebini moja, gia za mkono. Bei yake ni nafuu, na gia ndogo husaidia kulizuia gari kwenye mteremko.

2. Pesa inayobaki inunue tela lenye breki zake: tela likiisukuma pikapu kwa nyuma, fimbo ya mbele inabana breki za magurudumu ya tela. Nalo liandikishwe. Hapa Kenya tela lina namba yake, inayoanza na Z.

3. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae juu ya ndoano, yaani kilo 130 hadi 195. Ikipungua, tela linaanza kuyumba. Uzito huo pia uhesabiwe kama mzigo wa pikapu.

4. Kabla ya kulipa, tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen. Lala chini uangalie kama chesisi imechomelewa au ina kutu pale ndoano inapofungwa. Kisha chomeka kifaa cha ELM327. Usisome makosa tu. Gari likikubali, soma pia kilomita zilizopita tangu makosa yafutwe. Muuzaji akiapa gari ni zima, na kumbukumbu ilifutwa kilomita 6 zilizopita, muulize alikuwa anaficha nini.

Mjomba alikaa kimya siku mbili. Jana akanipigia simu: "Hizo breki za tela, fundi gani anazijua?"

Kama unamjua mmoja, Migori au Homa Bay, niandikie. Akiba ya mama inasubiri.