Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Kogo hakuwahi kusoma kibandiko cha dawa. Lakini hapa kwetu Bomet, ukimletea maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano ya kiwele, anakwambia tu, "Haya hayatakuwa mursik." Utapaka sotet mkaa wa senetwet vizuri, utangoja siku zote, na bado yatakataa kuganda. Ni kweli. Mursik hugandishwa na bakteria, na mabaki ya antibiotiki kwenye maziwa huwaua au huwazuia kufanya kazi. Ndiyo maana chupa ya dawa ya mifugo huandikwa siku za kungoja kabla maziwa hayajanywewa wala kuuzwa.

Antibiotiki hupiga bakteria, wabaya na wazuri, lakini kirusi haikigusi. Na huku kwenye majani chai, kwa baridi na ukungu wetu, mafua yetu karibu yote ni ya virusi. Sasa mchumaji akiamka anakohoa afanyeje? Analipwa kwa kilo. Siku ya foleni hospitalini ni siku isiyo na kilo. Anapitia dukani: "Nipatie zile za rangi mbili, za hamsini bob." Anapewa nne, bila karatasi ya daktari, ingawa sheria ya Kenya inaitaka. Simlaumu. Hesabu yake naielewa.

Ila hesabu hiyo ina upande wa pili. Shangazi yangu alijikata mguu kwa panga la kupogolea chai. Kidonda kikaoza. Dawa ya kwanza ikashindwa, ya pili pia. Mpaka usaha ulipopelekwa maabara, vijidudu vikaoteshwa na kujaribiwa, ndipo ikajulikana dawa inayoviweza. Wiki tano hakuchuma hata jani moja.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka wa 1945 kwamba dozi ndogo mno huwafunza bakteria kuistahimili dawa. Kenya nayo ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo mwaka wa 2017. Lakini vita vyenyewe viko pale kaunta, kwenye vile vidonge vinne.

Siku hizi shangazi haondoki kwa daktari kabla hajauliza: Hii ni antibiotiki? Ninaihitaji kweli? Nimeze ngapi, kwa siku ngapi? Jirani akija kuomba vilivyobaki, anamjibu, "Havijabaki, mama. Nilimeza vyote nilivyoandikiwa."