Nyumba ya Kwanza Aliyoichagua Mke Wangu

Muuzaji alipomaliza kusifia rangi, mke wangu alimwomba ndoo ya maji. Tulikuwa Mwanza, kwenye yadi ya magari yaliyotumika Japani, mbele ya Hiace nyeupe inayong'aa kama sahani ya harusini. Yule kijana akadhani mama ana kiu, akaagiza chupa ya maji baridi.

"Hapana, mwanangu. Ndoo. Nataka mtu aimwagie juu, mimi nikiwa ndani."

Akapanda, akafunga mlango. Muosha magari akamwaga ndoo ya kwanza, akamwaga ya pili. Mimi nilisimama pembeni najifanya nasoma simu. Ya tatu haikumwagwa. Mlango ulifunguliwa, akanionyesha kiganja chake kikiwa na maji yenye rangi ya kutu. Yalikuwa yanaingilia juu ya kioo cha nyuma, kwenye pembe ambako mpira unakutana na bati.

"Mwalimu, nyumba hii inavuja," akasema, na tukaondoka.

Hakusema gari. Alisema nyumba, na ilinichukua muda kulielewa neno lile.

Sisi tunaishi Runazi, upande wa Biharamulo. Nilipostaafu na mafao yakaingia, tulikuwa tumeshakubaliana jambo moja: tutazunguka kabla magoti hayajagoma. Tuna mtoto Dodoma, mwingine Mbeya, na dada yake mke wangu yuko Songea. Hawajaonana miaka tisa. Lakini basi kwake ni adhabu. Nyonga yake haikubali kukaa siku nzima kwenye kiti, na usiku huamka mara tatu kwenda haja. Gesti nazo unazijua mwenyewe: choo mwisho wa korido, muziki mpaka saa nane.

Wazo la gari la kulala tulilipatia Nyakanazi, tukisubiri usafiri. Pale malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga hupumzika. Tulimwona dereva mmoja akizima injini, akasogea nyuma ya kiti chake kwenye kitanda chembamba, akavuta pazia.

"Yule kesho anaamka kwake," mke wangu akasema.

Basi nikaanza kutafuta, na nilitafuta kwa ukubwa. Nilitaka Coaster, ile ndefu yenye karibu mita 7. Kichwani nilishaweka meza, choo, sofa, hata sehemu ya wageni. Watoto kwenye grupu la WhatsApp walitaka nijenge fremu za maduka. Nikawajibu kwamba fremu haziendi Songea. Mke wangu hakusema kitu siku tatu, na baada ya miaka yote hii najua kimya cha siku tatu maana yake nini.

Siku ya nne jioni akachukua kamba na vijiti, akapima uani mistatili miwili. Mmoja wa Coaster. Mwingine wa mita 3 kwa moja na nusu, yaani nafasi inayobaki nyuma ya viti vya mbele vya Hiace ukishang'oa viti vya abiria. Majirani waliopita waliuliza kama tunachimba msingi.

Alianza kutembea kwenye ule mkubwa. "Hapa nitafagia. Hapa nitafuta vumbi. Hapa watalala wageni wako, nami nitawapikia." Kisha akaingia kwenye ule mdogo, akatandika mkeka, akaweka ndoo na jiko, akaniita. Tulikula ugali humo. Alinyoosha mkono akachukua maji bila kuinuka.

Ndipo akasema, tena bila hasira. "Mwalimu, nimehama na wewe mara tano. Nyumba ya kwanza haikuwa na mlango wa jikoni. Ya pili ilikuwa ya popo. Ya tatu tuligawana na mwenzako, kikohozi chake kikawa chetu. Zote zilikuwa za shule. Hata hii ya hapa uliijenga mimi nikiwa kwetu namuuguza mama. Hakuna hata moja niliyoulizwa."

Nilitafuta jibu, nikakosa. Ilivyokuwa ni kwamba barua ya uhamisho ikija, mimi naisoma nimesimama, yeye anaanza kukunja godoro. Na nyumba ya Runazi niliielekeza mlango barabarani ili watu waione. Usiku ule nikampa tepu ya kupimia.

Kuanzia hapo nikawa dereva na mwandishi wa vipimo. Hiace ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, na tarakimu hizo hazikuja kwa bahati. Japani gari dogo hubaki kwenye kundi nafuu kama halizidi mita 4.7 kwa urefu na 1.7 kwa upana, basi Toyota wakaitumia nafasi yote wakabakiza milimita 5 kila upande wa hesabu. Mke wangu alifurahi: "Hao wanajua kubana."

Upana wa ndani hautoshi mtu wa kimo changu kulala kukingama, kwa hiyo kitanda lazima kifuate urefu wa gari. Tuliamua sentimita 185 kwa 120, na nafasi inayobaki mbele yake iwe jiko. Kimo cha kitanda alikipima kwa viti vya nyumbani: alivikalia kimoja kimoja mpaka akapata kile ambacho nyayo zake zinagusa chini na nyonga hailalamiki.

Sababu nyingine ya kuipenda Hiace niliijua baadaye. Sisi wa barabara hizi tunaikumbuka miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha kupita misitu ya Biharamulo. Kwenye Hiace unatoka kitandani ukapenya katikati ya viti hadi kwenye usukani. "Nikisikia nisichokipenda," alisema, "tunaondoka bila kufungua mlango." Kwa vyovyote tumekubaliana tusilale porini. Tutalala misheni, au kituo cha mafuta chenye mlinzi, au kijijini baada ya kumwona mwenyekiti.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwenye magari ya mtumba mlango ni rangi, na rangi ni rahisi kuliko bati. Tulijifunza kuinua zulia, kulala chali chini ya gari, kubonyeza kwa bisibisi kingo za milango na nyuma ya matairi. Gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji linaweza kuwa limekula chumvi inayomwagwa barabarani. Juu linacheka, chini limeoza. Tulikataa tano. Ya sita ilikunywa ndoo tatu, na mama akatoka mkavu. Ilikuwa na mchubuko mrefu ubavuni, nikataka tupunguziwe bei. Akanikanyaga mguu. Tulipunguziwa, lakini kwa maneno yake yeye.

Fundi seremala wa Biharamulo alitaka atutengenezee kabati la mninga. Mke wangu akamwambia anyanyue ubao mmoja kwa mkono mmoja, akiwa ameinama, kama atakavyokuwa yeye humo ndani. Tukaenda na playwudi. Hakuna msumari hata mmoja: barabara ya vumbi yenye rasta huung'oa msumari taratibu, kwa hiyo ni skrubu na gundi, na bolti zinazoshika bati la sakafu. Maji ni madumu mawili ya lita 20, kilo 40 zote zikiwa chini, mbele kidogo ya matairi ya nyuma, maana uzito ukiwa juu gari linayumba kwenye kona.

Mtungi ni wa kilo 6. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatuama sakafuni. Hivyo kabati lake lina tundu chini kabisa linalotoa nje, na tunapika mlango wa ubavuni ukiwa wazi. Jiko la mkaa haliingii ndani hata kwa baridi ya namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wamelala.

Mimi nilitaka televisheni. Tukapiga hesabu: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya risasi ni vizuri usiitumie zaidi ya nusu. Taa, feni na simu zinatosha humo kwa usiku mbili tatu bila jua. Televisheni ikafa kifo cha kawaida. Badala yake tumeweka matundu mawili ya hewa, moja juu na moja chini, yote na wavu wa mbu, kwa sababu pumzi za watu wawili usiku kucha hugeuka maji kwenye vioo.

Songea bado hatujafika. Wiki iliyopita tulilala humo kwa mara ya kwanza, hapa hapa uani, na mvua ikanyesha kama ilikuwa inatusubiri. Nilijua yuko macho.

"Inavuja?"

"Nasikiliza tu."

Saa tisa hivi nilihisi kitanda kikiinuka upande wake. Akakaa, akaweka nyayo chini, akafungua mlango mwenyewe, akatoka na mwavuli. Kwa kawaida huniamsha nimshike mkono. Akarudi, akajifuta miguu, akalala.

Asubuhi nilimkuta ndani ya nyumba yetu ya matofali, ameshika tepu, anapima ukuta wa jikoni. Anataka mlango wa pili, upande wa migomba. Nikamuuliza upana gani. Akanipa daftari niandike.