Pesa Isiyogeuka Chuma

Dereva alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi, siku moja ya Machi 2009. Gari la mama lilikuwa limesimama Mtoni kwa Azizi Ali, abiria wameshashuka, konda anawarudishia nauli zao.

"Dada, limechemsha," akasema. Akanyamaza kidogo. "Halafu limenoki."

Aliyewahi kumiliki daladala anajua tofauti ya maneno hayo mawili. Gari likichemsha, ukiwahi kulizima, unaweza kuponea kwenye bomba la rejeta au gasketi ya hedi. Likinoki, oili imeshashindwa kazi yake, chuma kimekutana na chuma, na unachokisikia ni mgongo wa injini ukigonga. Hapo hakuna kuziba wala kukaza. Ni kushusha injini chini na kuifungua yote.

Mama alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, akastaafu mwaka 2007 akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo chake chote kiliishia kwenye Hiace ile ya dizeli, injini ya 3L, iliyokuwa ikipiga njia ya Mbagala Rangi Tatu na Kariakoo. Dereva alileta hesabu ya shilingi 35,000 kwa siku, siku sita za wiki, na Jumapili gari lilipumzika. Pesa hiyo ilisomesha wadogo zangu wawili na kulisha nyumba. Kila jioni mama aliiandika kwenye kauntabuku yake yenye jalada jeusi: tarehe, kilicholetwa, kilichotoka, kilichobaki. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alikuwa akisema, kwa sauti ileile aliyowafundishia watoto jedwali la kuzidisha.

Gari likakokotwa mpaka gereji moja upande wa Temeke, ambako dereva alimfahamu fundi. Ilikuwa gereji kama zilivyo nyingi Dar es Salaam: uwanja wa udongo uliolowa oili mpaka ukawa mweusi, mkungu mmoja wa kivuli, kontena la kufungia vifaa usiku, na magari yaliyokaa muda mrefu hata majani yakaota kwenye matairi. Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mikono imara, maneno machache. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipaka kidoleni, akanionyesha. Ndani ya ule weusi mlikuwa na chembe ndogo zinazong'aa kama samaki wa dagaa.

"Hizi ni beringi zako, dada. Zimesagika."

Akanitajia kazi moja baada ya nyingine. Kushusha injini. Kuchonga bloku. Kuchonga krenki. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, seti nzima ya gasketi, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, rejeta kuzibuliwa. Jumla shilingi 1,450,000, ufundi ukiwa ndani yake. "Lakini ukinipa zote leo," akasema, "nitakufanyia kwa 1,300,000, na wiki ijayo gari linarudi barabarani. Ukinipa vipande vipande, nami nitafanya vipande vipande."

Sikuona ubaya katika maneno yale, na mpaka leo sisemi yalikuwa ya kitapeli. Fundi wa gereji kama ile hana mtaji. Duka la spea halimkopeshi. Pistoni zikishanunuliwa kwa kipimo cha bloku lako, duka halizipokei tena. Na yale magari yenye majani kwenye matairi yalikuwa na wenyewe, watu walioagiza kazi, wakaona bei, wakazima simu. Fundi anayeomba kianzio anajilinda na jambo lililokwisha kumpata.

Mama alikuwa na akiba ya laki nane. Mimi nilikuwa nimepokea upatu wa ofisini, laki tano. Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu, maana mama alikuwa na msiba Kisarawe. Nikamhesabia fundi noti za elfu kumi kumi juu ya boneti la gari la mtu mwingine, noti 130. Alizipanga, akazifunga kwa mpira, akazitia kwenye mfuko wa ovaroli. Akaniambia, "Ondoa shaka, dada." Nikaondoka nikijiona nimemaliza kazi ya mwezi kwa asubuhi moja.

Jioni mama aliporudi, kabla hata hajavua ushungi, aliuliza swali moja tu.

"Kakuandikia?"

Nikanyamaza. Naye hakusema zaidi. Akafungua kauntabuku, akaandika tarehe na 1,300,000 upande wa kilichotoka. Kwenye safu ya maelezo, ambako kwa miaka miwili sikuwahi kuona pengo, akaacha wazi.

Wiki ile injini ilishushwa kweli. Niliikuta imening'inia kwenye cheni, miti mitatu imefungwa vichwani, kisha siku iliyofuata imetandazwa chini juu ya turubai, kila kipande mahali pake. Nikafurahi. Nikarudi Jumatatu: vipande vilevile, turubai lilelile. "Mchongaji ana foleni." Nikarudi Alhamisi: "Pistoni zimeadimika mjini." Masika yakaanza. Wiki ya tatu nikaikuta bloku imefunikwa mfuko wa saruji, maji yamesimama kwenye tundu za silinda, na ukingo wa tundu moja umeanza kupata kutu ya rangi ya chai. Nilichuchumaa nikaigusa kwa kidole. Silinda hupakwa oili ili isipate kutu hata kwa usiku mmoja, na hii ilikuwa imeachwa mvuani. Nilijua hapo kwamba hakuna aliyekuwa na nia ya kuipeleka popote karibuni.

Siku hiyohiyo lori dogo lilikuwa linatoka gereji, injini yake ikiunguruma laini kama mpya. Kijana mmoja wa pale, mwanafunzi wa fundi, alikuwa ananawa mikono kwa petroli. Alinitazama, akatazama lori, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, usiniweke kwenye matatizo. Lakini lile lori limetoka kwa pesa yako."

Nikamwuliza pesa ya mwenye lori ilikwenda wapi.

"Ilitoa teksi iliyokuwa kabla yake."

Ndipo nilipoelewa. Fundi hakuwa amekula pesa yetu. Alikuwa anamaliza kazi ya mteja wa jana kwa pesa ya mteja wa leo, na kazi ya leo ikimsubiri mteja wa kesho. Mvua zile wateja wakubwa walikuwa hawaji. Mnyororo ukakatika, na pale ulipokatikia palikuwa na gari la mama yangu. Sisi tulikuwa hatuna kitu mkononi. Mwenye gari anayelipa kidogo kidogo bado ana salio ambalo fundi analitaka, na fundi naye ana gari analoweza kulizuia mpaka alipwe ujira wake. Kila mmoja ameshika kitu cha mwenzake. Mimi nilikuwa nimempa fundi gari na pesa, vyote viwili, kwa siku moja.

Nilimwambia mama twende polisi. Akasema polisi watamweka ndani, na akiwa ndani nani atafunga injini? Nikamwambia basi Mahakama ya Mwanzo. Akasema, "Huko nitakwenda nikishindwa. Sijaanza bado."

Kesho yake asubuhi alikwenda gereji na vitu vitatu: kigoda, kauntabuku, na kifurushi cha miyaa. Mama alikuwa mtu wa Rufiji na hakuweza kukaa bure. Mikono yake ilikuwa inasuka ukili hata akiongea na wageni. Akaweka kigoda chini ya mkungu.

"Shikamoo, mama," fundi akasema, kashtuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukaa na gari langu."

Hakupandisha sauti, hakumtaja kwa ubaya mbele ya mteja yeyote. Alikaa mpaka adhuhuri, akaswali nyuma ya kontena, akarudi akakaa mpaka alasiri. Siku ya pili vivyo hivyo. Kila mteja aliyeingia alimwamkia, na kila aliyemwamkia aliuliza, "Mama, gari lako lipi?" Naye akaonyesha lile turubai kwa kidole, basi. Siku ya tatu fundi alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele yake.

"Mama, sikuila pesa yako."

"Najua hukuila. Lakini watoto wangu hawali maelezo." Akafungua kauntabuku kwenye ukurasa ule wenye pengo. "Niambie ulichonunua, tuandike."

Alikuwa amenunua seti ya gasketi na ringi tu: 180,000. Mama akaandika. Akatoa kwenye 1,300,000 na kumwonyesha kilichobaki: 1,120,000. Nilikuwepo siku hiyo, na nilimwona fundi akiitazama ile namba kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Pesa ilimwingia mkononi kwa mafungu na kumtoka kwa mafungu, na hapakuwa na mahali popote ilipoandikwa kwamba hii ni ya fulani.

Wakapatana hivi. Kila mteja mwingine atakapolipa, fundi atatenga fungu la mama kwanza. Fungu hilo halitakaa naye hata usiku mmoja: mama na yule kijana watakwenda dukani siku hiyohiyo, watanunua spea inayofuata, risiti itabandikwa kwenye kauntabuku, na spea italala nyumbani kwetu mpaka siku ya kufungwa. Ujira wa ufundi, ambao mle ndani ulikuwa 300,000, atauhesabu kuwa ameupata injini itakapowaka. Wote wawili wakatia sahihi, na mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa ule akashuhudia.

Hivyo ndivyo spea zilivyoingia nyumbani, moja moja, na kupangwa chini ya kitanda cha mama. Alikwenda mwenyewe mpaka karakana ya kuchonga, akasimama mlangoni akaomba aelezwe. Silinda za 3L zikiwa mpya zina upana wa milimita 96. Zetu zilikuwa zimelika, tena na ile kutu, hivyo zikaongezwa nusu milimita na kupewa pistoni za saizi iliyozidi, zile mafundi wanazoziita "hamsini". Krenki nayo ikasuguliwa, ikavalishwa beringi nene zaidi. Mama aliniletea nyumbani pistoni moja ikiwa kwenye karatasi yake ya mafuta, akanionyesha namba 0.50 iliyochapwa kichwani. "Sasa hii," akasema, "hata fundi akitaka, hawezi kuitumia kununua unga."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko yote aliyowahi kuniambia kuhusu biashara. Kumpa fundi kianzio hakukuwa kosa letu, maana hawezi kuanza kazi kubwa kwa mikono mitupu. Kosa lilikuwa kuiacha pesa ibaki pesa. Noti haina jina la mtu. Ikikaa usiku mmoja kwenye mfuko wa mwenye shida, itakwenda kwenye shida iliyo karibu. Ikigeuka pistoni ya kipimo cha bloku lako, inakuwa na jina.

Injini iliwaka katikati ya Juni, wiki ya kumi na moja. Moshi mweupe, kisha wa kijivu, kisha ukapotea, na ule mlio wa dizeli ukatulia. Yule kijana alipiga makofi. Fundi hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa kusikiliza, akarekebisha kidogo, akasikiliza tena, kisha akamtazama mama. Mama akafunga kigoda chake kwa kamba.

Usiku ule alikaa na kauntabuku akapiga hesabu ya mwisho. Wiki kumi na moja, toa ile moja iliyoahidiwa: wiki kumi. Siku sita kila wiki: siku 60. Mara 35,000: shilingi 2,100,000. Lile punguzo la 150,000 nililolifurahia kwa kulipa yote siku moja lilikuwa limetugharimu mara kumi na nne yake. Aliiandika pasipo kunilaumu, akanigeuzia kitabu nisome, akasubiri mpaka alipoona nimesoma.

Ukili aliousuka pale gereji aliushona mkeka. Uko nyumbani kwangu sasa, tangu mama afariki. Karibu na ukingo kuna mstari wenye doa jeusi la oili, la mkono wa yule kijana aliyempokea kifurushi siku moja mvua ilipomkuta njiani. Mshonaji mwingine angeukata ule mstari. Mama aliuacha.

Gari tulilitumia mpaka 2014, na kwa miaka yote hiyo lilitengenezwa na fundi yuleyule. Nilimwuliza mama mara moja kwa nini, wakati mji umejaa mafundi.

"Huyu sasa anajua namna ya kunidai," akasema, "nami najua namna ya kumlipa. Mwingine nitaanza naye kwenye ukurasa mtupu."